Kadi Iliyokataliwa: Kisa cha Nauli Bila Pesa Taslimu katika Matatu za Nairobi

Tarehe 1 Julai 2014 ilikusudiwa kuwa siku ya kwanza ya utaratibu mpya katika usafiri wa umma nchini Kenya. Kwa mujibu wa kanuni zilizotolewa mwaka huo chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, kuanzia siku hiyo nauli ya matatu haikupaswa tena kulipwa kwa noti na sarafu, bali kwa kadi. Siku ilifika, na makondakta wengi wa Nairobi wakaendelea kupokea pesa kama walivyozipokea jana yake. Serikali ikasogeza tarehe hadi 1 Desemba mwaka huohuo, na tarehe hiyo nayo ikapita. Machi 2015 kampuni ya Google, ambayo kwa kushirikiana na Benki ya Equity ilikuwa imeleta kadi ya BebaPay mwaka 2013, ikaifunga huduma hiyo. Kadi nyingine zilizoingia sokoni wakati huo, kama vile 1963 na Abiria, nazo hazikuweza kuchukua nafasi ya pesa taslimu.

Maelezo yaliyosikika mara nyingi baada ya hapo yalikuwa mafupi: watu wa matatu ni wakaidi, na binadamu kwa jumla hapendi mabadiliko. Uchambuzi huu unayakataa maelezo hayo, si kwa kuwa wahudumu wa matatu hawana lawama, bali kwa kuwa hayaelezi chochote. Abiria aliyeiacha kadi mwaka 2014 alikuwa na uzoefu wa miaka saba wa kutuma na kupokea pesa kwa simu. Kondakta aliyesema mashine imekataa alikuwa na pesa za M-Pesa katika simu iliyokuwa mfukoni mwake wakati akisema hivyo. Watu waliopokea kwa mikono miwili mojawapo ya mabadiliko makubwa kabisa ya kifedha katika historia ya nchi yao hawawezi kuelezwa kuwa ni watu wanaoogopa jambo jipya. Kuna kitu mahususi walichokikataa, na ili kukiona ni lazima kwanza tuifuate matatu tangu alfajiri hadi usiku.

Hesabu ya siku

Matatu nyingi za Nairobi haziendeshwi jinsi kampuni inavyoendesha mabasi yake. Mwenye gari humkabidhi dereva gari asubuhi, na makubaliano ni kwamba jioni ataletewa kiasi kilichotajwa tangu mwanzo, mvua inyeshe au jua liwake. Kinachobaki baada ya kiasi hicho, baada ya mafuta na baada ya gharama za njiani, ndicho ujira wa dereva na kondakta wake. Hawana mshahara. Siku ikiharibika wanarudi nyumbani mikono mitupu, na wakati mwingine huongeza kutoka mifukoni mwao ili kesho gari lisipewe watu wengine. Siku ikifana wanagawana, na mgawo huo haumhusu mwenye gari.

Utaratibu huu ni wa miaka mingi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni zilizotakiwa kwa magari ya umma, na tangu hapo biashara hii imekua kwa kasi kuliko sheria zilizojaribu kuifuata. Baadaye serikali iliwalazimisha wenye magari kujiunga katika sacco, yaani vyama vya ushirika, au kampuni. Walijiunga, lakini ndani ya sacco nyingi kila gari lilibaki la mwenyewe, na hesabu ikabaki ya siku moja.

Tuchukue mfano wa siku moja, ambao ni wa kueleza jambo tu wala si takwimu. Tuseme mwenye gari la abiria 14 anataka shilingi 3,500 kila jioni. Gari linatoka saa kumi na moja alfajiri, na nauli ya kwenda mjini ni shilingi 70. Saa nne asubuhi inashuka hadi 40, kwa sababu viti vinabaki vitupu na gari la nyuma linaita abiria walewale. Jioni, mawingu yakitanda na watu wakijazana stejini, inapanda hadi 100. Kila mzunguko una matumizi yake: mafuta, yanayonunuliwa kidogo kidogo kadiri pesa zinavyoingia, manamba aliyeita abiria, ambaye hupewa chake gari likijaa, ada ya sacco, chakula cha mchana, tairi lililotoboka, na jambo ambalo abiria wa Nairobi amelishuhudia mara nyingi kwa macho yake, yaani kitu kidogo kinachokabidhiwa njiani ili gari lisicheleweshwe. Dereva akichoka humwachia mwenzake wa skwadi mizunguko miwili mitatu, na huyo naye hulipwa papo hapo. Katika matumizi haya yote, hakuna hata moja linalosubiri mwisho wa mwezi.

Pesa zenyewe hushikwa mkononi. Noti hukunjwa kwa urefu na kupangwa katikati ya vidole kwa thamani zake, hamsini kwa hamsini na mia kwa mia, na sarafu hukaa kiganjani, zikigonganishwa kuwakumbusha walioketi nyuma kwamba nauli inatakiwa. Mkono huo ndio daftari la biashara. Kondakta akiutazama anajua amefika wapi katika siku yake: kama mafuta yamekwisha kurudi, kama pesa ya mwenye gari imetimia, na kama kuanzia mzunguko huu anajifanyia kazi mwenyewe na mwenzake.

Kadi ilikusudiwa kuzitoa pesa hizo mkononi na kuzipeleka moja kwa moja kwenye akaunti. Kwa aliyeupanga mpango huo, lilikuwa badiliko la njia ya malipo. Kwa kondakta, lilikuwa ni kufutwa kwa ujira wake, kwa sababu ujira huo haukuandikwa mahali popote: ulikuwa ndani ya tofauti kati ya nauli zilizolipwa na kiasi ambacho mwenye gari alikidai. Ukiiondoa tofauti hiyo bila kuweka mshahara mahali pake, unamtaka mtu afanye kazi leo na angoje mtu mwingine aamue, siku nyingine, kama atamlipa na ni kiasi gani. Sidhani kama yupo mfanyakazi wa benki au wa wizara ambaye angekubali masharti hayo, na asingeitwa mkaidi kwa kuyakataa.

La kusikitisha zaidi ni kwamba kanuni zenyewe hazikulisahau jambo hili. Kanuni za 2014 ziliwataka waendeshaji wawe katika vyombo vyenye magari yasiyopungua 30, na ziliwataka wawaajiri madereva na makondakta kwa kufuata sheria za kazi na kuwalipa mshahara wa kila mwezi. Katika maandishi, mshahara na kadi vilikuwa ndugu. Barabarani, kadi ndiyo iliyotangazwa, ndiyo iliyopewa tarehe, na ndiyo iliyowaleta wafanyabiashara wa mashine na programu waliokuwa na kitu cha kuuza. Mshahara haukuwa na mfanyabiashara nyuma yake, na haukupata msukumo wa namna hiyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo mpango ulipoharibikia, miezi mingi kabla abiria wa kwanza hajaambiwa kwamba kadi yake haisomi.

Waliokataa kwa kelele na waliokataa kimya

Kondakta ndiye aliyelaumiwa kwa sababu ndiye aliyeonekana. Abiria alinyoosha kadi, kondakta akajibu, «Madam, mashine haishiki mtandao, leta tu pesa,» na kila mtu aliyekuwa karibu akadhani amekiona chanzo cha tatizo. Lakini mpango wa nauli ulikuwa na wahusika wengine ambao hawakuhitaji kusema neno lolote ili kuukataa, na mpango unaokataliwa kimya ni vigumu zaidi kuuokoa, maana hakuna mtu wa kujadiliana naye.

Mwenye gari ndiye aliyetajwa kuwa angefaidika kuliko wote. Angeona kila shilingi, na wizi wa makondakta ungekwisha. Hoja hii ilionekana kuwa haina jibu, na bado wengi hawakuishika kwa nguvu. Ukiutazama utaratibu wa hesabu ya siku kwa makini unaona sababu. Kiasi kinachotajwa asubuhi kinamkinga mwenye gari dhidi ya siku mbaya: barabara ikifungwa, abiria wakipungua, polisi wakiwa wengi, hasara inawaangukia dereva na kondakta, naye anadai pesa yake kamili. Chini ya kadi, angeona mapato halisi, lakini angeyabeba pia yanapokuwa madogo, na juu yake angedaiwa mishahara ambayo haishuki siku abiria wanapokosekana. Mtu anayesema kwamba mwenye gari anaibiwa husahau kwamba mwenye gari amekwisha kuuza haki ya kujua mapato yake, na bei aliyopewa ni uhakika wa kila jioni. Kwa mwenye mkopo wa gari unaolipwa kwa wakati, uhakika huo una thamani kubwa kuliko ukweli kuhusu nauli.

Kulikuwa pia na suala la kodi. Matatu hulipa kodi ya awali inayokadiriwa kwa idadi ya viti, na mapato ya kweli ya gari moja hayaonekani kwa urahisi. Kadi ingeacha kumbukumbu ya kila safari. Hakuna mwenye gari aliyehitaji kusimama mbele ya kipaza sauti na kulisema hilo. Ilitosha kutoharakisha jambo. Aidha, kampuni za kadi nazo zilikuwa zikifanya biashara, na pesa iliyozoeleka kufika jioni ileile sasa ingepitia kwa mtu wa tatu kabla ya kumfikia mwenyewe.

Abiria alikuwa na sababu ndogo ndogo, lakini zilikuwa nyingi. Alitakiwa aweke pesa kwenye kadi kabla ya kusafiri, na kwa mtu anayepata riziki yake kwa siku, shilingi 200 zilizofungiwa ndani ya kadi ni unga ambao haukununuliwa. Kadi ya kampuni moja haikuwa lazima isomeke katika mashine ya kampuni nyingine, kwa hiyo anayebadilisha gari njiani angehitaji zaidi ya kadi moja. Mgeni aliyeshuka kutoka Kakamega au Machakos asubuhi hiyo hakuwa nayo kabisa.

Aliahidiwa nauli isiyobadilika ovyo, na ni kweli kwamba nauli inayopanda mvua ikianza ni dhuluma inayowaumiza walio wengi. Lakini nauli hiyohiyo hushuka saa nne asubuhi, na hushuka pia kwa maneno. Dada anayefanya kazi saluni anasimama mlangoni na kusema, «Kaka, niko na thelathini tu,» naye kondakta, akiona kiti kimoja kitupu na taa inakaribia kuwaka kijani, anamjibu, «Ingia siste, songea huko nyuma.» Mama mwenye watoto wawili hulipia kiti kimoja akiwapakata. Mwanafunzi hulipa nusu. Ukarimu wa namna hii hauna kifungu katika kanuni, na aliyezoea kuupata hawezi kuacha kuuliza utakwenda wapi pesa zikishaondolewa mkononi.

Kuhusu wanaopokea kitu kidogo njiani sitasema mengi. Hakipokelewi kwa kadi. Mpango uliotegemea ukaguzi wa barabarani ili ufanikiwe uliwategemea, kwa sehemu, watu ambao baadhi yao wangepoteza kipato siku ambayo ungefanikiwa.

Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kuwa hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha. Jambo hilo hunukuliwa mara kwa mara katika mafunzo ya uongozi, na mara nyingi hunukuliwa kana kwamba ni ugonjwa wa walio chini ambao viongozi wanapaswa kuutibu kwa semina na fulana. Katika kisa hiki halihitaji hata kuletwa. Hasara ya kondakta ilikuwa ya uhakika na ya siku ya kwanza. Faida yake ilikuwa ahadi. Mwenye gari alitakiwa abadilishane uhakika na ahadi. Abiria alitakiwa atoe pesa kwanza. Mtu mwenye akili timamu na moyo mtulivu kabisa, akizipima pande hizo mbili, angefikia uamuzi uleule waliofikia wao.

Kanuni za Michuki

Wapo wanaosema kwamba sekta ya matatu haisikii lolote ila nguvu, na ushahidi wao ni kanuni za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama kila kiti, mstari wa manjano ubavuni mwa gari, sare kwa dereva na kondakta, na abiria wasiozidi idadi ya viti. Magari mengi yalitoweka barabarani kwa siku kadhaa, wafanyakazi wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na Michuki hakurudi nyuma. Magari yakarudi yakiwa na mikanda.

Nguvu ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. Kanuni hizo zilimpa abiria kitu alichokiona siku ileile aliyopanda: kiti chake mwenyewe, bila mtu aliyeinama juu ya kichwa chake. Mzigo uliwaangukia wenye magari wote kwa pamoja, hivyo hakuna aliyehofia kwamba akitii jirani yake atamchukulia abiria, na gharama zikafidiwa kwa kupandisha nauli. Ukaguzi wenyewe ulihitaji macho tu, kwa sababu mstari wa manjano ama upo au haupo. Na zaidi ya yote, kanuni za 2004 hazikugusa mahali ambapo dereva na kondakta hupatia ujira wao. Ziliwabana, lakini waliendelea kushika pesa.

Kutoguswa kwa mahali hapo ndiko kulikozifanya zikubalike, na naamini ndiko pia kulikozidhoofisha. Anayedaiwa kiasi kilekile kila jioni akiwa na viti vichache ana sababu moja zaidi ya kukimbia. Kadiri miaka ilivyopita, vidhibiti mwendo vilichezewa, abiria wa ziada wakarudi, na tarehe 12 Novemba 2018 serikali ililazimika kuanza msako mpya wa kuzirudisha kanuni zilezile, huku maelfu ya abiria wakikwama vituoni na wengine wakitembea kama ilivyokuwa 2004. Badiliko lililopita kando ya hesabu ya siku lilimomonyoka polepole. Badiliko lililoigonga hesabu ya siku bila kuandaa mbadala halikusimama hata wiki.

Upande wa pili wa sarafu

M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007, na historia yake kabla ya uzinduzi ni ya manufaa makubwa kwa kisa hiki. Majaribio yake yaliyoanza mwaka 2005 yalihusu wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, na lengo lilikuwa kuwawezesha kulipa mikopo yao kwa simu. Waliopewa simu walifanya hayo, lakini walifanya na mengine ambayo hawakuambiwa wayafanye: walitumiana pesa wao kwa wao, waliwalipia wengine, walihifadhi pesa humo kabla ya kusafiri. Waliokuwa wakisimamia majaribio wangeweza kuliita jambo hilo ukiukaji wa masharti. Badala yake walilitazama, wakaacha kuifanya mikopo kuwa kiini cha huduma, na walipozindua waliwaambia Wakenya jambo moja tu, watume pesa nyumbani.

Kwa mfanyakazi wa Nairobi mwenye wazazi mashambani, hilo halikumnyang'anya kitu. Kabla ya hapo alikuwa akimpa pesa mtu anayesafiri, au dereva wa basi, au akienda posta, na kila njia kati ya hizo ilikuwa na hofu yake. Hakutakiwa abadili kazi yake wala mahusiano yake na mwajiri wake. Machafuko yaliyofuata uchaguzi yalipofunga barabara mwanzoni mwa 2008, simu iliendelea kupitisha pesa mahali ambapo watu hawakuweza kupita. Ndani ya miaka michache huduma hiyo ilikuwa na watumiaji mamilioni, bila kanuni hata moja iliyomlazimisha mtu na bila tarehe ya mwisho.

Huko Marekani, mwaka 1948, Lester Coch na John French walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika kiwanda cha pajama cha Harwood mjini Marion, Virginia, ambako wafanyakazi waliolipwa kwa vipande walikuwa wakihamishwa kazi mara kwa mara na wengi wakiacha kazi au kupunguza uzalishaji. Kundi lililotangaziwa tu badiliko na viwango vipya lilishuka na kukaa chini. Makundi yaliyoshiriki katika kupanga namna kazi mpya itakavyofanywa na viwango vya malipo vitakavyowekwa yalirudi haraka kwenye uzalishaji wao wa awali na kuupita. Jaribio hilo husimuliwa kama somo la kuwashirikisha watu ili wajisikie vizuri. Mimi nalisoma kwa namna nyingine. Wafanyakazi wale walilipwa kwa vipande, kama kondakta anavyolipwa kwa mizunguko, na kilichokuwa mezani waliposhirikishwa kilikuwa ni kiwango cha malipo yao. Walipewa nafasi ya kukigusa kitu ambacho kingewaumiza. Kumwita kondakta kwenye mkutano wa kumwonyesha jinsi ya kuchanja kadi kwenye mashine si ushirikishwaji wa namna hiyo, hata kama chai na mandazi vimetolewa.

Pesa taslimu zinapungua kwa njia nyingine

Anayepanda matatu Nairobi siku hizi huona jambo ambalo, kwa haraka, linaonekana kuikanusha hadithi hii yote. Abiria wengi hulipa kwa simu. Kondakta hutaja namba yake, au huwa imeandikwa kwa rangi karibu na mlango, abiria anatuma, kondakta anatazama ujumbe ulioingia na kuendelea na kiti kinachofuata. Wapo wanaotumia namba ya biashara, na wapo wanaotumia Pochi la Biashara, huduma ya Safaricom inayomwezesha mtu mwenye biashara ndogo kutenga pesa za biashara na zake binafsi. Hakuna aliyewalazimisha.

Tofauti iko katika mahali ambapo pesa inafikia. Katika malipo haya, pesa huingia kwenye simu ya kondakta, yaani hubaki mkononi mwake kwa sura nyingine. Nauli inaweza kupanda na kushuka kama zamani. Mafuta hulipwa kwa simu ileile, na manamba hutumiwa chake. Jioni mwenye gari hutumiwa kiasi chake, na kinachobaki hakionekani na mtu mwingine. Abiria hahitaji kadi wala kuweka pesa mahali papya. Kondakta wa 2014 hakuwa na ugomvi na teknolojia, na ushahidi ni kwamba teknolojia hiyo sasa anaitumia kutwa nzima, maadamu haijamgusa pale alipokuwa akiguswa na kadi.

Wanaopenda kuiita hali hii ushindi wa malipo ya kidijitali wanapaswa kuwa waangalifu. Malengo yaliyotajwa kwa ajili ya kadi, yaani kuondoa mbio za kutafuta hesabu, kutuliza nauli, na kumfanya dereva awe mfanyakazi anayelala saa za kutosha, hayajafikiwa. Dereva anayelipwa kwa simu bado anakimbiza mzunguko wa mwisho. Abiria aliyetuma nauli kwa simu bado analipa 100 mvua ikinyesha. Ninayaandika haya nikiwa upande wa waliotaka mabadiliko: utaratibu wa hesabu ya siku unaua watu barabarani na unawazeesha vijana kabla ya wakati wao, na kuelewa kwa nini kondakta aliitetea hesabu hiyo si kuisifu. Ni kukubali kwamba aliitetea kwa kuwa ndiyo pekee iliyomlisha.

Kwa hiyo anayetaka kuirudisha kadi hana budi kuanza na kifungu kilichoachwa nyuma, yaani kile cha mshahara. Achague njia moja yenye sacco moja iliyo imara, na aiache kadi kando kwa muda. Makondakta na madereva wa njia hiyo waajiriwe kwa mkataba, kiwango cha mshahara kikijadiliwa nao wakiwa na takwimu za siku zao nzuri na siku zao mbaya, si za siku nzuri peke yake. Wakati huo waendelee kupokea pesa taslimu. Sacco itapata hasara miezi ya mwanzo, kwa sababu siku mbaya zilizokuwa zikibebwa na mfuko wa kondakta sasa zitakuwa zake, na ni lazima ijulikane mapema nani ataibeba hasara hiyo: wenye magari kwa kupokea kidogo, serikali ya kaunti kwa ruzuku, au benki kwa kurefusha muda wa mikopo. Mazungumzo hayo ni magumu, na pengine ndiyo yaliyokwepwa mwaka 2014 kwa kununua mashine. Yakifanyika, na mishahara ikalipwa kwa tarehe yake kwa miezi kadhaa mfululizo, ndipo kadi iletwe, tena iwe moja kwa njia zote, na nauli ya mchana iwekwe chini ya ile ya asubuhi ili dada wa saluni asipoteze thelathini yake.